Mwanzo wa Ukili wa Mize

Paukwa!
— Pakawa!
Hadithi yangu iko mlangoni.
— Ifungulie, iingie!
Imebeba miyaa.
— Isuke, tuikalie!

Hapo zamani, katika mji wa Miyaani, alikuwapo msusi wa mikeka, jina lake Mize. Alibuni ua la kusuka kwenye mkeka, akaliita jicho la njiwa. Wanunuzi walilifuata ua hilo, na soko zima likala kutokana nalo: muuza rangi, mkata miyaa ya kusukia, mpika uji.

Lakini uchoyo aliokuwa nao, jamani! Ukitaka kujua ukili umesukwaje, ule utepe unaoshonwa ukawa mkeka, tazama mwanzo wake. Basi Mize akisuka, anageukia ukutani. Akimaliza, anaukata mwanzo wa ukili. Akishaukata, anautia motoni.

Wakaja wachuuzi wa ng'ambo. "Tunataka mikeka arobaini ya jicho la njiwa. Mwezi ukiandama haijawa tayari, tunahamia soko jingine, na hamtatuona tena."

Mize akakubali. Akasuka wa kwanza. Akasuka wa pili. Kwenye wa tatu vidole vikamvimba kama mihogo. Akaogopa kwelikweli, maana akishindwa hatalala njaa peke yake. Lakini kusema "nisaidieni" hakuweza. Mnacheka? Nyie mngeweza?

Jirani yake Time, mjanja yule, hakuomba kufundishwa. Asubuhi kweupe akaketi barazani kwa Mize, akasuka ovyo makusudi.

"Wee Time, ndiyo nini hiyo?"

"Jicho la njiwa, shoga yangu."

"Jicho gani lenye chongo? Miwili juu, mmoja chini!"

Time akakosea tena.

"Sasa rudisha wa kulia, mama wee!"

Akakosea mara ya tatu. Hapo Mize uvumilivu ukamwisha. Akaunyakua ukili, akausuka tangu mwanzo, huku akieleza kila hatua kwa sauti.

"Umeona sasa?"

"Tumeona!" wakaitikia wanawake thelathini waliojibanza upenuni, kila mmoja na miyaa yake mkononi.

"Mmeniibia!" Mize akawaka.

"Ua ni lako, na tutalitaja kwa jina lako," Time akasema. "Sisi tumekuletea vidole."

Mize akavitazama vidole vile, vyote vizima. Akashusha pumzi. Machozi yakamtoka, akacheka humo humo.

Mwezi ulipoandama, mikeka arobaini ilikuwa tayari. Tena mwanamke mmoja kaongeza ukingo mwekundu, mwingine kalisuka ua kwenye mkoba, mwingine kwenye kofia. Wachuuzi wakabeba vyote, wakaagiza zaidi. Muuza rangi akaongeza vyungu. Mkata miyaa akaita ndugu zake. Mpika uji akaanza kupika na maandazi. Na kila aliyebuni kitu kipya alimpelekea Mize kwanza akitazame.

Siku moja baada ya hapo, Mize alisuka ameupa ukuta mgongo. Alipomaliza, akashika kisu kwa mazoea. Akakitazama, akakirudisha chini. Mwanzo wa ukili akauacha palepale, nje, kila apitaye auone.

Hadithi yangu nimeitandika. Ikiwa nzuri, ikalieni. Ikiwa mbaya, ifumueni, msuke yenu!