Sambaza Walionona Kabla ya Wakati

Watu tunapenda mlango. Mlango ukipakwa rangi na kutiwa kitasa kinachong'aa, tunasema hapa pana nyumba, wala hatuulizi kama paa linavuja. Ndiyo maana wahenga walituasa kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Annonciata wa Ndosho, mtaa wa mji wa Goma, alilijua hilo kwa kucha zake mwenyewe, na nusura limkoseshe mume.

Kazi yake ilikuwa kuanika na kuuza sambaza, wale samaki wa Ziwa Kivu, wadogo kama kidole, ambao huliwa wazima, kichwa na mkia. Nani ana muda wa kumpasua sambaza? Ni Annonciata peke yake, tena kwa ajili ya mama yake mzazi, aliyekimbia vita kwao Masisi, akaja kwake kutoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya akiwa na tumbo lisilostahimili uchungu wa nyongo. Kila asubuhi alibinya sambaza wa sahani moja, akatoa utumbo, akampikia mama.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane alimbinya wa kwanza, yakatoka mayai ya manjano, madogo kama chembe za unga. Wa pili, mayai. Wa tatu, mayai. Desturi ya komite ya wavuvi ilikuwa kufunga ziwa katikati ya mwezi wa tisa ili samaki wazae, na kulifungua baada ya miezi miwili. Kumbe mwaka huu mvua ziliwahi, na samaki nao wakawahi. Kabla ya tarehe hiyo kufika, kila wavu ungepandisha mama pamoja na watoto wake.

Alimkimbilia mumewe, Bagalwa, kiongozi wa timu moja ya wavuvi, aliyekuwa akitandaza nyavu juu ya mawe meusi ya volkano.

"Papa Vanessa, sambaza ziko na mayai!" alisema, akimwita kwa jina la binti yao.

Bagalwa alicheka mpaka magego yakaonekana. "Zimenona tu, Mama Vanessa. Angalia vile zinang'aa mu beseni. Mungu atupe nini tena?"

Ufuko mzima uliimba wimbo huo huo wa unono. Annonciata hakucheka. Mwaka uliopita pia walishangilia unono, na ziwa lilipofunguliwa, mitumbwi ikarudi na maji matupu. Ndipo Bagalwa alipokwenda kuchimba madini Masisi. Shimo likawaporomokea, yeye akarudi na bega lililopinda, wenzake wawili hawakurudi kabisa. Tena alikwisha kuapa kwamba ziwa likiwanyima mara ya pili, atarudi shimoni. Annonciata alimsikia mumewe akicheka, huku akimwona kaburini.

Siku ya mkutano wa komite alijitwisha beseni lake la sambaza, akaingia bila kualikwa. Prezida wa komite, Muzee Mulumeoderhwa, alikuwa na karatasi ya tarehe mbele yake.

"Samahani, Muzee," Annonciata alisema. "Tufunge ziwa wiki hii. Tukingoja mwezi wa tisa, tumekwisha."

"Mama, date ni date. Iko ku karatasi, na muhuri juu."

"Samaki hazisome karatasi, Muzee."

Cédrick, mwenye nyavu nyingi kuliko wote, aliinuka. "Huyu mama anataka watoto yetu balale njaa! Ni wapi uliona mutu analia sababu samaki iko na mafuta?"

Annonciata alimwaga beseni lake mezani. "Kila mutu apasue kumi. Kama mayai haiko, nitanyamaza mpaka nife."

Basi wanaume wale, ambao vidole vyao vilijua kufunga fundo la wavu gizani, wakaanza kuhangaika na vitumbo vidogo kama wanaojifunza kushika kalamu. Bagalwa, aliyeona haya kwa niaba ya mkewe, ndiye aliyetangulia kumaliza. Aliwatazama samaki wake, kisha akamtazama mkewe.

"Tisa," alisema kwa sauti ndogo. "Mu kumi, tisa iko na mayai."

Muzee alivua miwani. "Miaka makumi ine niko nakula hizi samaki. Sijafungua hata moja."

"Kwetu Masisi mutu hachinje ngombe iko na mimba, hata kama iko na njaa," Annonciata alisema. "Sisi tuko tunachinja ziwa nzima."

Muzee akachukua kalamu, akafuta tarehe. Ziwa likafungwa Jumatatu ile, mwezi mmoja kabla, ili lifunguliwe katikati ya mwezi wa kumi.

Majuma yaliyofuata yalikuwa marefu. Maharagwe yalipungua chunguni na maneno yakaongezeka mtaani. Wauzaji wenzake walimbandika jina la Mama Mayai. Jirani yake, Jeanine, alimwambia waziwazi kwenye bomba la maji, "Ziwa ikifunguka bila kitu, usinisalimie tena." Na Bagalwa alifunga begi lake, akaliweka karibu na mlango. "Mitumbwi ikirudi mitupu siku ya kwanza, naenda," alisema. Kila Annonciata alipofagia, ufagio uligonga begi lile.

Alfajiri ya kwanza baada ya ziwa kufunguliwa, wanawake walijaa ufukoni. Timu iliyopata samaki hurudi ikiimba. Hilo hata mtoto wa Goma analijua. Mitumbwi mitatu ya Bagalwa, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ikatokea kwenye ukungu. Kimya. Hakuna wimbo, hakuna mluzi, ni makasia tu. Jeanine alishika kiuno. Annonciata alikaa chini, akajifunika uso kwa kitenge, kwa maana hakutaka kuona. Alikuwa anamwaza Bagalwa na begi lake begani, bega lile lililopinda.

"Mama Vanessa! Utalala hapo?" Sauti ya Bagalwa ilikuwa imekauka kama ya mgonjwa. "Leta beseni. Leta yote!"

Aliondoa kitenge. Mitumbwi ilikuwa imezama karibu na ukingo kwa uzito wa sambaza. Wanaume walikuwa wamevuta nyavu tangu jioni mpaka sauti zikawakauka. Wimbo wangeutoa wapi? Naye Annonciata, bingwa wa kupasua, alikuwa ameutazama mlango kama wengine.

Bagalwa alichukua sambaza mmoja, akampasua kwa ukucha, akamsogezea mkewe. Tumbo lilikuwa safi, halina yai hata moja.

"Sasa mimi pia niko nafungua," alisema.

Annonciata alilia mbele ya watu wote bila kuona haya. Kisha akapanda hadi Ndosho, akamwaga nguo za mumewe kitandani, akashuka na lile begi kulijaza sambaza, kwa kuwa mabeseni hayakutosha. Ama kweli, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.