Fundi na Gari la Mdogo Wake

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja wa umeme wa magari, kule juu kwenye baridi, ambaye hakuwa akisemezana na mdogo wake. Walikosana kwenye msiba wa mama yao, juu ya mahali pa kumzika. Nyumba zao zilitazamana, bonde dogo tu katikati. Moshi wa jiko la huyu, yule anauona. Lakini salamu, hakuna.

Asubuhi moja shemeji yake, mke wa huyo mdogo, akafika gereji na gari lao kuukuu la mizigo, likivutwa kwa kamba na trekta la jirani. Alternata, ile inayozalisha umeme wa gari, ilikuwa imekufa, regulata imeungua, betri imelala.

“Nimenunua vyote vipya,” akasema. “Nakuomba uvifunge leo hii, shemeji.”

Fundi akapokea vifaa. Hakuuliza habari za nyumbani. Akafunga alternata, akafunga na regulata, ile inayozuia umeme usizidi, akavuta waya mnene hadi kwenye betri. Wakawasha. Injini ikanguruma, alternata ikazunguka, lakini umeme haukutoka. Yule mama akashika kichwa.

“Jamani! Hata mpya nayo ni mbovu?”

“Si mbovu. Bado sijaunganisha waya huu mwembamba unaopita kwenye taa ya dashibodi. Alternata haiamki yenyewe, shemeji. Betri ndiyo inaanza kuipa umeme kidogo. Ikishaamka, inarudisha mwingi.”

“Na betri isipoanza?”

“Basi itazunguka bure.”

Mama akamsogelea. “Na ninyi wawili je, shemeji? Nani aanze?”

Mkono wa fundi ukasimama. “Mimi ni mkubwa wake. Aje yeye. Si ana miguu?”

“Hawezi hata kusimama,” akajibu yule mama, machozi yakimtoka. “Gari hili ni la kumpeleka hospitali. Alinikataza nisikwambie. Alisema utadhani anaomba huruma.”

Ndugu zangu, hebu mwoneni mtu huyo. Mke wa ndugu yake amesimama mbele yake na huzuni yote usoni, na yeye muda wote huo anatazama nyaya!

Akaunganisha ule waya, akashika usukani mwenyewe, akavuka bonde. Akamkuta mdogo wake kitandani, amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki. Akapiga magoti.

“Nisamehe, mdogo wangu.”

Mgonjwa akaushika ule mkono wenye grisi. “Kila asubuhi nilisema, leo navuka kwa kaka. Halafu naogopa. Nikadhani utanifukuza.”

“Ningekukaribisha chai,” fundi akasema, akalia kama mtoto.

Walizungumza njia nzima hadi hospitali. Walimzungumzia mama yao, hata wakacheka. Najua mnataka kuniuliza kama yule mdogo alipona. Hakupona. Jumapili iliyofuata walimzika. Miaka yote ile ya ujirani, na mazungumzo yao yakawa ya safari moja.

Na sisi je? Sisi tunasema, mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyekosewa, aje yeye. Nani ametuambia kwamba anaweza kuja? Mama, binti yako uliyemfungia mlango, atajuaje kwamba moyo wako umelainika, kama hujamwambia? Na wewe baba unayeangalia chini, unamngoja nani? Tungekuwa wapi leo, kama Mungu naye angekaa kutungoja sisi tuanze?

Sitasema zaidi. Nakaa chini, na wimbo tutauimba baadaye. Kama mtu wako yumo humu ndani, simama umfuate pale alipokaa. Kama yuko mbali, toka sasa hivi umwendee. Hakuna atakayekuuliza kwa nini umeondoka kabla ya baraka.