Nyati Adai Mlima wa Akina Pimbi

Enzi za kale sana, wanyama walipokuwa na koo na makaburi kama sisi, alikufa Mzee Pimbi. Aliacha mlima wenye chemchemi na watoto yatima. Mkubwa wao alikuwa Nakiete, binti mdogo wa umbo lakini akili zake, acheni tu!

Matanga hayajaanuliwa, dii! dii! dii! Bwana Nyati huyo.

"Fungeni virago! Marehemu alinizawadia mlima huu. Alinipa mkono kwa mkono, tukiwa wawili tu."

"Haa! Na sisi tutalala wapi?" aliuliza Nakiete.

"Kamuulize baba yako! Tena wewe mtoto wa kike!"

Nakiete akakimbilia kwa Bibi Tembo, mwamuzi wa mila. Ukoo wote ukaitwa, na Nyati pia.

"Ardhi ya ukoo ni ya mtoto aliyeachwa, awe wa kike awe wa kiume," alisema Bibi Tembo. "Lakini baba akiitoa zawadi, sharti ampeleke anayepewa kaburini kwa bibi aliyeuzaa ukoo, amtambulishe. Bwana Nyati, ulipelekwa?"

Nyati akatunisha kifua. "Nilipelekwa! Nilipiga magoti nikalia!"

"Loo, kumbe!" Nakiete akadakia. "Shikamoo, baba mwenye mlima! Kama bibi alikupokea, mimi ni nani nikukatae? Ngoja nitangulie kufagia, kisha utuongoze tukammwagie togwa ya tambiko."

Akanyakua ufagio, fyuu! akatokomea.

Baadaye wakapanda mlima, Nyati mbele. Kimya! Hata kunguru hawakulia. Mimi hapa nikisimulia mwili unanisisimka, maana kuwaendea wafu si mchezo.

Nyati akaangaza huku na huku. Mara akaona jiwe kubwa jeupe, limefagiwa, limezungushiwa masale, yale majani ya heshima, nalo linanukia mrehani.

"Hapa!" Akaanguka magoti, puu! Akamwaga togwa, akalikumbatia jiwe na kulibusu. "Bibi, mpokee mwanao Nyati!"

Wazee wa pimbi wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo. Mwingine akaziba pua.

"Bwana Nyati," alisema Nakiete kwa upole, "hapo ni chooni kwetu. Ukoo mzima huja hapo kila asubuhi. Leo nimepafagia, nikapasugua kwa mrehani."

Kwa! kwa! kwa! Mlima mzima ukaangua kicheko. Nyati akafuta mdomo, akafuta tena, akateremka mbio bila kuaga.

"Na bibi yenu amelala wapi?" aliuliza Bibi Tembo.

Kicheko kikakatika. Nakiete akamshika mkonga, akamwongoza polepole hadi maji yanapotokea ardhini, mahali pasipo na jiwe wala alama. Wazee wote wa pimbi wakapiga magoti. Chururu, chururu, maji yakasema peke yake. Bibi Tembo, mkubwa kuliko wote, akaingiwa na hofu ya heshima. Naye akakunja magoti yake, asithubutu hata kupunga masikio.

"Kaeni, wanangu," alinong'ona. "Mlima ni wenu."

Basi, wajukuu zangu, anayedai ardhi ya wahenga ajue kwanza wahenga wamelala wapi.