Kwa Nini Mpiga Zeze Hupitisha Upinde Hewani

Mmemwona mpiga zeze akikaa kitako, akaegemeza kibuyu kifuani, kisha akapitisha upinde hewani mara moja bila kugusa uzi. Wageni hudhani anapasha mkono moto, na wengine hucheka. Nyinyi msicheke, maana pale pana mtu.

Katika siku ambazo babu zetu nao walizisikia kwa babu zao, desturi hiyo haikuwapo katika nchi hii ya uwele. Mpiga zeze alipokufa alizikwa na zeze lake, na nyimbo alizozitunga hazikupigwa tena na mtu yeyote. Watu waliona hiyo ndiyo heshima.

Siku hizo aliishi Sechelela, fundi wa kuchoma nakshi kwenye vibuyu kwa chuma cha moto. Mumewe, Ndahani, alikuwa mpiga zeze. Walijaliwa mtoto mmoja, Nyemo, naye alikufa kwa surua akiwa bado anatambaa. Ndahani hakulia mbele za watu. Alitunga wimbo usio na maneno, akawa anaupiga mlangoni kila uwele ulipovunwa. Sechelela akiusikia alimwona mwanawe anatambaa kutoka jikoni, mashavu yamejaa majivu. Hakuwa na kitu kingine cha Nyemo.

Baadaye Ndahani akashikwa na kifua, akakonda, dawa zikagonga mwamba. Sechelela akajua kwamba siku ya kumzika mume atamzika na mtoto mara ya pili. Hilo lilimshinda. Akatwaa kibuyu kipya, akachochea makaa, akamwomba mumewe apige polepole. Yeye angechoma alama: doa kwa kila kidole, mstari mrefu upinde unapovutwa, mfupi unaporudi. Majirani wakanong'ona kwamba anamwibia mgonjwa kabla hajafa. Aliwaacha waseme, midomo ni yao.

Kazi ilikuwa ngumu. Chuma kilipoa upesi, na Ndahani alichoka upesi zaidi. Kila alipoanza kupiga, Sechelela alikuwa bado ameinamia makaa akipuliza, na mvuto wa kwanza wa upinde ulimpita. Aliukuta wimbo umekwisha kushika njia. Akamwonea huruma mgonjwa, asimrudishe nyuma; akajiambia mwanzo atauchoma mumewe akipata nafuu. Hatimaye kibuyu kikajaa alama, isipokuwa pale pa kuanzia.

"Kesho tuuchome mwanzo, baba Nyemo," alisema.

"Usiuache," Ndahani akamjibu. "Pale ndipo ninapomwita aje."

Kulipokucha, Ndahani hakuamka.

Zeze likazikwa naye. Matanga yalipokwisha, Sechelela alikipeleka kibuyu kwa Masima, mdogo wa marehemu, ambaye naye alipiga zeze. Masima alikataa, akiogopa kugusa cha marehemu, lakini machozi ya shemeji yake yakamlainisha. Akafundishwa kila doa na kila mstari. Siku alipoupiga wote, watu walitoka majumbani wakidhani Ndahani amerudi. Sechelela naye alimwona mtoto wake, ila amekaa palepale jikoni, hatambai. Hakuna aliyemwita.

Masima akauliza wimbo unaanzaje. Sechelela akajaribu kuuimba mvuto ule, akashindwa. Akajaribu tena, haukuja. Miaka yote aliusikia, na siku ya kuushika alikuwa akipuliza makaa. Alilia kilio ambacho hata msibani hakukilia. Masima, kwa huruma, akasema atatunga mwanzo mwingine unaofanana.

"Usitie wako, shemeji," Sechelela akamwambia. "Hapo ni pa baba Nyemo. Mpishe amwite kwanza, ndipo wewe ufuate."

Masima akaegemeza zeze lake kifuani. Akauinua upinde, akaupitisha hewani taratibu, kisha akaugusa uzi.

Na tangu siku hiyo, katika nchi hii, nyimbo hazizikwi pamoja na wenyewe. Huchomwa kwenye vibuyu, na pale pa kuanzia huachwa patupu. Na apigaye wimbo wa marehemu humpisha kwanza. Sechelela alizeeka akikaa karibu na mpigaji kila mavuno. Zeze lilipolia hakutikisika. Ila upinde ulipopita kimya, aligeuka akatazama jikoni.