Wa Hapa na Wale wa Kule

Ndugu zangu, mlioegemea ukuta, kaeni sawasawa kidogo. Padre hayupo leo, mmebaki na mimi katekista wenu, na nimekuja na habari ya mwanajeshi. Habari ya mwanajeshi haisikilizwi kwa kuegemea.

Palikuwa na sajini mmoja mstaafu. Alipigana vita vya mpakani akiwa kijana, akatumikia jeshi mpaka umri ulipomtoa, kisha akatulia kijijini kwake na mke na watoto watano, wakilima kahawa na maharage. Kitanda alikitandika mwenyewe, shuka haina kunyanzi. Jumamosi jioni viatu vya nyumba nzima, hata kandambili za yule mdogo kabisa, vilipita mikononi mwake vikang'arishwa. Nyie mnaoingia humu wakati wa matoleo, mwenzenu huyo alikuwa akifika kanisani kabla ya mwenye ufunguo.

Lakini kitu kilichowashangaza majirani ni sala ya jioni. Saa moja kamili redio inazimwa, chungu kinaepuliwa hata kama maharage hayajaiva, watoto wanapanga mstari kwa umri wao. "Jihesabuni," anasema. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Yule mkubwa ndiye aliyesema moja, na aliisema kwa kifua, maana kuwa wa kwanza katika nyumba ya mwanajeshi ni cheo. Baba anapiga magoti, anamtajia Mungu mtoto mmoja mmoja kwa jina, na mwishoni anashusha sauti. "Na wale wa kule, Bwana. Pelagia, Kastuli, Nemesi."

Sasa nawauliza. Mtu mzima na akili zake, akisikia mwanamume ana watu wa hapa na watu wa kule, anaelewa nini? Msijifanye watakatifu, nyuso zenu naziona. Mmeelewa, na mkubwa naye alielewa alipofika darasa la sita. Baba ana nyumba nyingine. Pelagia ndiye mwanamke wa huko, na hao Kastuli na Nemesi ndio watoto wake.

Na dalili zilikuwepo. Kila mwaka baada ya mavuno sajini alipanda basi, akapotea siku nne, na akirudi akiulizwa anajibu, "Nilikwenda kuwaona wa kule." Halafu aliyemfungia mzigo wa safari alikuwa mama mwenyewe: maharage, kahawa, na kitenge kipya kimekunjwa vizuri juu. Mkubwa alikuwa akimtazama mama anavyokikunja kile kitenge, roho inamuuma. Akajiambia, mama yangu ni mvumilivu kupita kiasi.

Hakumuuliza baba hata siku moja. Ni wangapi humu ndani wamekaa na swali la nyumbani kwao miaka thelathini, kwa sababu wanaliogopa jibu? Alimheshimu baba, alimuuguza, alimsomea masomo ya Jumapili macho ya mzee yalipochoka. Lakini lile jambo lilimkaa kama kijiwe ndani ya kiatu. Unatembea, unafika, ila unachechemea njia nzima.

Sajini akafa. Alikufa vizuri, amepokea sakramenti, mkono wake umo mkononi mwa mkewe. Maturubai yakafungwa, ukoo ukajaa, askari wastaafu wakaja na bereti zao, na kazi ya kuandika wasifu wa marehemu akapewa mkubwa. Akaandika kuzaliwa, ubatizo, jeshi, vita, ndoa. Akafika pale mnapopajua nyote: marehemu ameacha mjane na watoto. Watoto wangapi? Kalamu ikagoma.

Aandike watano, halafu kaburi likiwa wazi wasimame wengine wawili kule nyuma waseme, na sisi je? Tumeyaona hayo. Tumeona jeneza likisubiri watu wamalize kubishana. Au aandike saba, amwaibishe mama yake mbele ya kijiji kizima siku ya kumzika mumewe? Sala zote zile za saa moja jioni, watu wangezicheka njiani wakirudi makwao. Heshima ya baba yake ilikuwa imeshikwa na ile idadi ya watoto, na yeye ndiye mwenye kalamu.

Akaandika watano, akapiga mstari chini yake. Kisha akawaita wadogo zake wawili wa kiume, akawasimamisha langoni. "Mtu yeyote akisema ametoka kule, asipite," akawaambia. "Mtoto wa marehemu ni yule aliyehesabiwa jioni katika nyumba hii. Hao wengine wakamtafute baba yao."

Saa nne asubuhi pakawa na zogo langoni. Mkubwa akaenda mwenyewe, amekunja sura. Alimkuta mzee mwembamba, koti limemzidi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkoba wa ukili begani. Mzee akavua kofia.

"Naitwa Kastuli," akasema. "Natoka kule. Nimesafiri tangu jana."

Mkubwa akamtazama. Mvi kichwa kizima. Akapiga hesabu kimoyomoyo: baba amekufa na miaka sabini na sita, huyu hapungui sitini na tano. Ina maana sajini alimzaa akiwa na miaka kumi na mmoja? Hesabu ilikataa waziwazi. Lakini jamani, hasira ikishapanda, nani ana muda na hesabu?

"Baba yetu ameacha watoto watano," akasema. "Kama umekuja kudai chochote, mzee, umekosea siku."

"Sijaja kudai, mwanangu. Nimekuja kumzika, na kumshukuru."

"Usiniite mwanangu."

Mzee akainamisha kichwa. Akavaa kofia yake, akageuka taratibu, akaanza kuondoka. Hapo mama akatokea. Mjane hatoki, mnajua, hukaa ndani kwenye mkeka na wanawake wenzake, nao walikuwa wakimshika khanga wamrudishe. Akawaponyoka, akaja pekupeku mpaka langoni.

"Shemeji, usiende," akasema. Akawageukia wale vijana. "Mpisheni baba yenu mdogo."

Kisha akamshika mkubwa kiganja, akamwongoza mpaka chumbani, akafunga mlango.

"Wasifu umemaliza?"

"Nimeandika, mama, lakini moyo haujatulia. Usinifiche tena. Watoto ni wangapi?"

Mama akakaa kwenye kitanda ambacho siku hiyo hakikuwa kimetandikwa.

"Nilizaa wanne," akasema. "Andika watano."

Ndugu zangu, nawapa nafasi mhesabu. Mkubwa naye alihesabu. Alianza kwa wadogo zake, akamtaja huyu, na huyu, na wale wawili wa langoni. Wanne wakatimia. Hakubaki mwingine isipokuwa yeye.

"Baba yako mzazi alikuwa kikosi kimoja na mume wangu," mama akasema. "Alipigwa vitani, akafia mikononi mwake. Wewe ulikuwa bado tumboni, na aliyekubeba alifariki katika kujifungua. Pelagia ni bibi yako. Hakuwa na nguvu za kulea kichanga. Kastuli na Nemesi ni wadogo wa baba yako. Sisi tulikuwa na mwezi mmoja wa ndoa. Akaja nyumbani na wewe kwenye blanketi la jeshi, akaniuliza kama tutaweza. Nikamwambia, mlete hapa, unamkalisha kwenye baridi. Tulipokuja kijijini likizo ya kwanza ulikuwa unatembea, watu wakajihesabia wenyewe, nasi hatukuwasahihisha. Kila mwaka alikwenda kumweleza bibi yako umefika darasa la ngapi, umeugua nini, umeoa wapi. Kitenge kilikuwa cha kwake."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuogopa wewe. Risasi hakuziogopa, lakini aliogopa usije ukajiona mgeni mezani kwake. Kila akipanda basi aliniambia, mwaka huu nikirudi nitamwambia. Hakuweza. Hapo tulikosea, mwanangu, na nakuomba radhi kwa niaba ya sote wawili."

Mkubwa alilia, na mama akamwacha alie. Mtu aliyeweka walinzi langoni kumzuia mtoto wa kule, ndiye huyo huyo mtoto wa kule. Na katika miaka yote ile, kwenye ule mstari wa jioni, hakuna siku sajini alimruka, wala siku alimweka wa pili.

Alitoka nje akiwa amenawa uso. Akampokea mzee ule mkoba, akamwamkia, akamkalisha kwenye benchi la familia, kando ya mama. Wasifu akausoma mwenyewe, hakubadili hata neno moja, na alipofika kwenye watoto alisema watano kwa kifua. Wanasema hajawahi kutembea wima kama alivyotembea siku ile kwenda kaburini.

Haya. Nimemaliza ya sajini, sasa turudi kwetu, maana sikuwaambia haya mpate cha kusimulia tu. Sisi tumejifanya walinzi wa lango la Mungu. Akiingia mtu, swali letu la kwanza ni huyu ni wa nani, katokea wapi, nani anamjua. Nani kati yetu alizaliwa na haki ya kukaa humu? Mimi? Wewe mama unayetikisa kichwa? Sote tumeletwa. Kuna aliyetuokota tukiwa hatujui hata kulia vizuri, akatupa jina, akatuhesabu pamoja na wanawe, na hajawahi kutukumbusha kwamba tulikuwa wageni. Hiyo ndiyo habari njema, na inatosha kumfanya mtu acheke peke yake barabarani.

Wiki iliyopita, katika kigango hiki hiki, watu walikaa kikao saa mbili nzima wakijadili kama yule mama aliyehamia na wanawe wawili aruhusiwe kuimba kwaya, kwa kuwa hajulikani kwao wala mume wake yuko wapi. Wakapiga kura, wakamkatalia. Mama yule yuko humu asubuhi hii, na bado amekuja.

Tukimaliza sala ya mwisho nitakwenda alipokaa, nimwombe radhi, nimpeleke kwenye benchi la kwaya mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa kikao kile nilikuwa mimi.