Tangi la Samaki Mbele ya Mgonjwa

Wapendwa, shusheni vitabu vyenu magotini kidogo. Nataka kuwasimulia habari ya mama mmoja na samaki wake. Ni mfano tu, kwa hiyo msianze kugeuka nyuma kutafuta amekaa benchi gani. Lakini mfano nao unataka jina la kuuitia, basi mama huyu tumwite Mama Atupele.

Mama Atupele aliishi huku huku kwetu kwenye baridi. Mumewe alikuwa fundi wa kupiga lipu, mtu wa maneno mengi, akicheka jirani wa nyumba ya tatu anajua leo Baba Atupele amelipwa. Asubuhi moja akiwa kazini, mwiko ulimponyoka mkononi. Akainama kuuokota, hakuinuka. Kiharusi. Alirudishwa nyumbani upande wa kulia umelala, na ulimi mzito. Neno moja lilimchukua muda kutoka, na mara nyingi lilikatikia njiani.

Watoto walikuwa mbali, kila mmoja na maisha yake. Redio ilimuumiza kichwa. Wageni walikuja mara mbili tatu, wakakosa la kusema, wakaacha kilo ya sukari mezani, wakaaga. Ziara hizo tunazijua, si ndiyo?

Sasa, kule kliniki alikopelekwa kunyooshwa viungo, palikuwa na tangi la samaki kwenye chumba cha kusubiri. Siku moja Mama Atupele aligeuka akamkuta mumewe anatabasamu. Mdomo ulipanda upande mmoja tu, lakini lilikuwa tabasamu, la kwanza tangu aanguke. Alikuwa anatazama samaki.

Muuguzi naye akaona. Akasema, "Mama, mkiweza, mtafutieni hata dogo pale nyumbani. Kitu chenye uhai, kisicho na kelele. Kinamtuliza mtu."

Mama wa watu akatoka pale anajiuliza. Tangi la samaki, yeye? Uwezo ulikuwa umekwenda wote kwenye dawa. Lakini mtu akiona mlango umefunguka hata upenyo, haulizi bei ya bawaba. Alikwenda kwa fundi wa vioo, akamwomba vipande vilivyobaki vya madirisha. Fundi akavikata, akavigandisha kwa silikoni, akamwonya, "Usijaze hadi juu, mama. Ishia hapa nilipopiga mstari. Kioo chenyewe chembamba." Mchanga akauchota mtoni, akauosha mpaka maji yake yakatoka safi. Majani ya kupanda ndani akayang'oa kwenye mfereji. Akabahatika kupata pampu kuukuu ya hewa, ile inayotoa mapovu. Akaliweka tangi juu ya meza ya chakula, mbele ya kiti cha mumewe, hatua chache tu kutoka alipoketi.

Bado samaki. Huko sokoni kulikuwa na dada mmoja anayeuza samaki wa mapambo, wale wadogo wenye mikia kama shuka inayopepea, wanaitwa gapi. Dada yule akamwelekeza vizuri.

"Maji ya bomba yana dawa, mama. Yaache kwenye ndoo wazi hadi kesho yake ndipo uyamimine tangini. Kisha liache tangi lako likae wiki kadhaa na maji yake na majani yake, likomae. Halafu ndiyo uje nikupe samaki wawili, si zaidi. Na maji yakifanya ukungu, usiogope, usiyamwage yote. Hujirekebisha yenyewe."

"Wiki kadhaa?" Mama Atupele akauliza. "Mwanangu, mimi nina mgonjwa."

Akaondoka na samaki sita siku ileile, kwenye mfuko wa plastiki.

Naona mnatikisa vichwa. Msimhukumu haraka. Nani kati yetu, akiwa na mgonjwa ndani, anaweza kuambiwa "subiri" akasubiri?

Basi samaki wakaingia tangini, na mzee akatabasamu tena. Siku ile Mama Atupele aliimba akiosha vyombo. Lakini usiku ule ule, moyoni mwake, bila kumwambia mtu, akaweka alama. Akasema: hawa wakiishi, naye ataishi. Wakifa, basi.

Nani alimwambia hivyo? Daktari hakusema. Mchungaji hakusema. Hofu ndiyo iliyosema, na hofu ikisema hatuiombi ushahidi.

Kuanzia hapo hakuwa na raha. Akiamka, kabla hajamgeuza mgonjwa, anakimbilia tangini. Wako wangapi? Wanapumua? Huyu mbona amekaa pembeni? Akiona wanasogea juu, anasema wana njaa, anawatupia chakula. Dakika chache baadaye anawatupia tena. Chakula kikalala chini kikaoza. Maji yakaanza ukungu, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mama akapiga kelele, akamwaga maji yote, akachota mapya bombani, hakuyalaza hata kidogo, akasugua mchanga na vioo, akawarudisha samaki. Kesho yake wawili walikuwa wanaelea ubavu.

Akawatoa upesi kwa kijiko kabla mumewe hajaamka, akawafukia nyuma ya jiko. Akakimbia sokoni kutafuta wengine wa rangi ileile.

Wale nao wakafa. Maji yakafanya ukungu tena, akayamwaga tena. Baridi ilipozidi akaona samaki watakufa ganzi, akachukua blanketi akalizungushia tangi pande zote. Pande zote, wapendwa! Mzee akawa ameketi pale, anatazama blanketi.

Mnacheka. Chekeni, lakini chekeni kidogo, maana tunakuja kwetu sasa hivi.

Baba Atupele akijaribu kusema, mkewe alikuwa anammalizia. Akianza "Ma..." anaambiwa, "Maji? Haya maji." Akitikisa kichwa anaulizwa, "Matunda? Mafuta? Mama yako? Unamkumbuka mama yako?" Na huku anauliza ameinama tangini, mikono imezama hadi kwenye viwiko, anafukuzia uchafu. Mzee alikuwa anafumba macho. Mama akimwona amefumba macho, hofu inapanda: amechoka, anazidiwa, samaki wamepungua. Anaongeza mbio.

Mchana mmoja mvua ilikuwa inanyesha, na maji ya tangi yalikuwa yamechafuka kuliko siku zote. Walibaki samaki watatu. Mama Atupele ameshaandaa ndoo, ana bomba la mpira mdomoni anavuta maji yatoke, akasikia kiti kinagongwa nyuma yake. Ko, ko, ko. Mzee alikuwa anagonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto.

"Mgo..." akasema. "Mgo..."

"Mgonjwa?" mkewe akadakia bila kugeuka. "Usiseme hivyo, Baba Atupele. Utapona. Angalia, nawasafishia samaki wako."

Kiti kikagongwa tena, kwa nguvu. "Mgo-ngo."

"Mgongo! Mgongo unauma!" Akatupa mpira, akakimbilia chumbani, akaja na mafuta ya kuchua. Akamwinamisha mzee, akampandisha shati, akaanza kusugua. Anasugua huku anaomba Mungu, huku jicho moja liko tangini, maji yasije yakamwagika sakafuni. Akasikia mgongo ule unatetemeka chini ya viganja vyake. Mumewe alikuwa analia.

"Hapo ndipo panauma? Hapa? Chini zaidi?"

Mzee akapeleka mkono wa kushoto nyuma, akapapasa, akamshika kifundo cha mkono. Akakishika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akamvuta hadi mbele ya uso wake.

"Wa... ko," akasema.

"Wangu nini?"

Na kwa vile ameshikwa, na hana pa kukimbilia, safari hii Mama Atupele alinyamaza. Akasubiri. Mvua ilinyesha, pampu ikanguruma, na neno moja likatoka, likafuatiwa na jingine, kila moja kama gunia linaloshushwa na mtu mmoja.

"Naona... mgongo wako. Kila siku... mgongo wako tu."

Mama akataka kusema kitu. Mzee akatikisa kichwa. Hajamaliza.

"Samaki... wafe tu. Wewe... kaa."

Wapendwa, mama yule alikaa. Alivuta kigoda akakaa, mikono ina mafuta ya kuchua na maji ya samaki, hajui aiweke wapi, mpaka mzee akaichukua akaiweka juu ya goti lake. Walikaa hivyo hadi mvua ikakatika. Na ninyi mnadhani hofu ilimtoka? Haikutoka. Alikaa nayo. Alikuwa anatetemeka, lakini alikuwa amekaa.

Maji yale machafu hakuyamwaga siku ile, wala kesho yake. Siku baada ya siku ukungu ukapungua wenyewe, hadi asubuhi moja majani ya ndani yakaonekana vizuri. Samaki mmoja alikuwa amekufa. Hakumficha. Alimwonyesha mumewe, na mzee akasema polepole, "Najua. Nimewahesabu... wote." Alijua tangu mwanzo, wale wa kwanza na wale wa kununuliwa kwa siri. Alikuwa anamwacha mkewe aamini anamdanganya, kwa sababu alimhurumia.

Mtaniuliza, je, mzee alipona? Najua mnataka nijibu ndiyo. Hapana. Samaki wawili waliishi, yeye hakuishi. Mahindi mabichi yalipoanza kuuzwa barabarani, tulikuwa tayari tumeshamzika.

Lakini sikilizeni hili. Kwenye matanga, kina mama walimzunguka mjane, na mmoja akasema kwa huruma, "Pole, shoga yangu. Na vile alikuwa hasemi, hata neno la mwisho hukulipata."

Mama Atupele akamtazama. "Alisema," akajibu. "Alisema mengi, ila polepole. Aliniambia anaogopa. Miaka yote niliyokaa naye sikujua kwamba yeye naye huogopa."

Sasa, sisi.

Wewe baba unayetoka kabla watoto hawajaamka na kurudi wamelala, kwa sababu unaogopa watakosa ada. Ukiulizwa mwanao anaogopa nini, utajibu? Wewe dada unayempigia simu mama yako kijijini na kumuuliza, "Umekula? Umemeza dawa? Hela imefika?" kisha unakata, kwa sababu una haraka ya kumtafutia nyingine. Ulimwacha aseme nini? Na sisi wa kanisa hili, tunaojua sana kuchangishana kwa ajili ya wagonjwa. Tunafika, tunasimama, tunaomba kwa sauti kubwa, tunaacha sukari. Mgonjwa anaona migongo yetu ikitoka mlangoni.

Sisemi tusihangaike. Anayempenda mtu atamhangaikia, na mama yule alimpenda mumewe kuliko kitu chochote. Ninachosema ni kwamba hofu inajua kuvaa nguo za upendo, nguo zile zile, hadi hata mwenye nazo haoni tofauti. Utaitambuaje? Itazame uso wake umeelekea wapi. Upendo unamwelekea mtu. Hofu inaelekea kwenye maji, inahesabu, inamwaga, inachota tena, na mtu ameachwa nyuma anagonga kiti.

Hata Mungu tunamfanyia hivyo. Tunaingia tunataja shida zetu, moja, mbili, tatu, tunasema amina, na kabla hajafungua kinywa tumeshafika mlangoni. Halafu tunalalamika kwamba amenyamaza.

Ndugu zangu, leo mkifika nyumbani, chakula kinaweza kusubiri kidogo. Yupo mtu pale ndani ambaye kwa muda mrefu anajaribu kukwambia neno, na wewe unammalizia. Mnajua ni nani, kila mmoja anamjua wake. Nenda kwake. Usipeleke kitu, usiulize kama ameshakula. Akianza kusema, hata neno likichelewa, hata likiwa ndilo lile unaloliogopa, mwache amalize.