Dirisha la Shaali na Ngazi ya Bi Mize

Mnunua dirisha hupewa na ngazi. Mmeisikia leo kwa mjomba wenu hapo harusini, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza kama ni ya Pemba au ya Lamu. Si ya huko. Ilizaliwa hapa hapa Utrecht, na sisi tuliokuwapo tungali hai. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo kijana wa Wete aitwaye Shaali Mbwana, fundi wa treni, akiishi na mama yake, Bi Mize, katika fleti ya kupanga pembezoni mwa mji. Mtaa wenyewe ulikuwa wa maghorofa yanayofanana, umepooza, lakini jengo lao lilikuwa na lifti. Bi Mize, ambaye magoti yalikwisha kuanza kumsumbua, alishuka nayo kila siku, akapanda basi kwenda kwa shoga yake Bi Fumu, na jioni akarudi na habari za watu wote.

Roho ya Shaali ilikuwa mjini kati. Alipenda mifereji, kengele za mnara, mikahawa inayojaa watu hata siku za baridi. Siku moja dalali akampeleka kuona fleti katika nyumba ya kale kando ya mfereji. Alipanda ngazi akihema, mlango ukafunguliwa, akaliona dirisha. Lilikuwa refu, la vioo vidogo vidogo, na chini yake soko la maua lilikuwa limechangamka. Fleti yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kubanana na jiko la kutosha mtu mmoja. Shaali hata hakuuona udogo huo.

Mwenye fleti alikuwa mzee wa Kiholanzi aitwaye Gerrit.

"Mbona unaiacha?" Shaali akamwuliza.

"Ngazi," mzee akajibu. "Mke wangu hajatoka nje tangu mwaka jana."

Shaali akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, macho yake yakiwa bado kwenye maji ya mfereji.

Aliporudi nyumbani mama yake akamwuliza, "Lifti ipo?"

"Ni nyumba ya kale, mama. Ina ngazi."

"Ngazi za namna gani?"

"Za kawaida."

Hakuwa mtu wa uongo, lakini siku hiyo alisema uongo, na alijua. Moyoni alijiambia kwamba mama angezoea, akainunua fleti.

Siku ya kuhama, vyombo vilipandishwa kwa kamba na kuingizwa dirishani, maana nyumba za kale za mjini kati ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima kama za kupandia darini. Bi Mize alisimama barabarani akakitazama kitanda chake kikining'inia hewani.

"Kitanda kimepata njia," akasema. "Mimi nitapita wapi?"

Alipanda. Alishika kamba iliyofungwa ukutani, akapumzika, akapanda tena. Alipofika juu akaketi dirishani, na kwa kweli alilipenda. Baada ya wiki chache aliwajua wauza maua wote kwa sura. Lakini hakushuka. Bi Fumu naye alikuwa mzito, hakuweza kupanda, wakabaki kusikilizana kwa simu.

Kisha Bi Fumu akaanguka, akalazwa hospitali. Shaali aliporudi kutoka kazini siku hiyo alimkuta mama yake amekaa katikati ya ngazi, amevaa buibui, mkoba mapajani. Jirani alikuwa amemletea mto wa kukalia. Magoti yalikuwa yamekataa kushuka, yakakataa na kupanda.

"Mama, mbona hukunipigia simu?"

"Nikupigie uache kazi? Nilikuwa nakwenda kumwona Fumu."

Shaali akaketi kidato cha chini yake. "Nitaomba tuwekewe kiti cha umeme cha kupandia ngazi."

"Si ulikwisha kuomba, watu wa manispaa wakakwambia nyumba hii ya kale haiguswi?"

Bi Mize akamwekea mkono begani.

"Sikulaumu kwa kulipenda dirisha, mwanangu. Hata mimi nimelipenda. Lakini mnunua dirisha hupewa na ngazi. Wewe ulichukua dirisha, ngazi ukanipa mimi."

"Uliponiuliza, nilikudanganya."

"Nilijua. Hukuniangalia usoni."

Shaali akageuka, akambeba mgongoni, akashuka naye polepole hadi barabarani, wakaenda hospitali. Bi Fumu alipohadithiwa akacheka mpaka akashika nyonga yake kwa maumivu, na ndiye aliyelieneza neno lile, kwa kila aliyekuja kumjulia hali.

Masika ya mwaka uliofuata Shaali aliiuza fleti. Wanunuzi walikuwa vijana wawili waliooana karibuni. Kabla hawajalisogelea dirisha, aliwarudisha ngazini, akawataka washuke na kupanda mara ya pili. Wakafanya hivyo, wakaridhika. Yeye na mama yake walihamia nyumba ya chini kabisa, nje kidogo ya mji, ambayo dirisha lake linatazama banda la baiskeli. Sitawaficha, Shaali alihuzunika, na mpaka leo akipita kando ya mfereji ule hutazama juu. Lakini Bi Mize alikuwa anatoka atakapo na kurudi atakapo, na Bi Fumu alipopona alikuja kwake kwa miguu yake mwenyewe.

Basi mkimsikia mtu akisifu kitu alichokipenda, na mzigo wake utabebwa na mwingine, mwambieni bila ya kumcheka: mnunua dirisha hupewa na ngazi.